PS2 ya mkononi: njia tano kwa anayeitaka sasa hivi

Kila mwaka mashabiki wa gemu za zamani hurudia dua ileile: Sony itengeneze PS2 (PlayStation 2) ya kushika mkononi. Dua hiyo ina sababu. PS2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, ikaendelea kutoka viwandani hadi mwanzoni mwa 2013, na Sony inasema ziliuzwa zaidi ya milioni 160. Hakuna konsoli nyingine ya kampuni hiyo iliyofika hapo. Hata baada ya uzalishaji kusimama, kampuni ya Konami ilitoa gemu ya mpira PES 2014 ya PS2 mwezi Novemba 2013, kwa kuwa wachezaji walikuwa bado wapo. Huku Afrika Mashariki wengi wetu tuliijua vibandani: unalipia mechi, unapewa pedi ambayo analogi yake, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, imeshalegea, ukifungwa unampisha anayesubiri. Vijana wale leo wana kazi na familia. Muda wa kukaa mbele ya televisheni umepungua, umebaki ule wa ndani ya basi, wa zamu ya usiku, au nusu saa kabla ya kulala. Mashine ya mkononi inaingia humo humo.

Mpaka sasa Sony haijaitoa. Ilichotoa ni vitu vya jirani. Desemba 2018 ilikuja PlayStation Classic, kisanduku kidogo cha kuunganisha kwenye televisheni chenye gemu 20 za PS1, kwa dola 100 hivi. Baadhi ya gemu zilikuwa matoleo ya Ulaya yanayokwenda taratibu zaidi, mashabiki wakanung'unika, na ndani ya wiki chache maduka yalikuwa yameshashusha bei. Novemba 2023 ikaja PlayStation Portal, ambayo tutaifikia hapa chini. Novemba 2024 shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba Sony iko katika hatua za mwanzo za kutengeneza konsoli ya mkononi, lakini hiyo ni ya gemu za PS5. Kwa hiyo mwenye hamu ya PS2 ya mkononi ana njia tano za kuchagua, kila moja ikiwa na kile inachotoa na kile inachokunyima.

## Tunapima nini

Gemu. Chukua karatasi, andika gemu tatu ambazo hakika utazifungua wiki ya kwanza. Usiandike hamsini. Mtu wa San Andreas (ile ya Grand Theft Auto), mtu wa PES 6 na mtu wa Gran Turismo 4, ile ya magari, wanaweza kuishia na mashine tatu tofauti kabisa, na kila mmoja akawa amechagua vizuri.

Mkononi. Pedi ya PS2, DualShock 2, ina analogi mbili na vitufe vinne vya mabegani. Ina pia jambo ambalo wengi hawalijui: karibu vitufe vyake vyote hupima nguvu ya kidole. Katika Metal Gear Solid 3, ukibonyeza mraba unainua bunduki na kulenga. Ukiachia ghafla risasi inatoka, ukiachia pole pole unashusha silaha bila kufyatua. Karibu mashine zote za mkononi za leo zina vitufe vya kuwaka na kuzima tu. Kwa PES hutaona tofauti kubwa. Kwa gemu kama hiyo utaiona dakika ya kwanza. Kumbuka pia kwamba picha nyingi za PS2 zilitengenezwa kwa televisheni za zamani zilizokaribia umbo la mraba, hivyo kwenye skrini ndefu utaona mistari miwili myeusi pembeni.

Chaji, intaneti na kulala. Saa za betri tunaziuliza sote. Tunachosahau kuuliza ni kama mashine inalala. Gemu nyingi za PS2 zinakuruhusu kusevu sehemu maalumu tu, na sehemu hiyo inaweza kuwa mbali dakika arobaini. Basi likifika kituoni kwako, je, utabonyeza kitufe kimoja ukaweka mashine mfukoni, au utapoteza yote? Kwa mchezaji wa safarini, naliona swali hili ni zito kuliko ukali wa picha.

Bei na upatikanaji. Bei nitakazotaja ni za kuanzia, kwa dola. Ongeza usafiri, ushuru, na faida ya anayekuletea.

Kuandaa na kudumu. Kuna mashine unayoiwasha ukacheza, na kuna unayokaa nayo jioni nzima ukiweka mambo sawa. Njia mbili kati ya hizi tano zinategemea emuleta, yaani programu inayoigiza PS2 ndani ya mashine nyingine. Emuleta yenyewe ni halali. Kinachohitaji uangalifu ni faili la mfumo, BIOS, ambalo ni mali ya Sony na unapaswa kulitoa kwenye PS2 yako mwenyewe, pamoja na gemu, ambazo unapaswa kuwa na diski zake.

## PSP na PS Vita

Wapo wanaosema PS2 ya mkononi ilishatoka, nayo ni PSP, konsoli ya mkononi ya Sony. Nawaelewa. PSP ilitoka Japani Desemba 2004, PS2 ikiwa bado inatamba, na watengenezaji walewale walihamishia kazi zao humo.

Gemu. Hapa lazima tuwe wakweli: PSP haichezi gemu za PS2. Inacheza ndugu zake. San Andreas haimo, lakini Liberty City Stories na Vice City Stories zilizaliwa humu kabla ya kuhamia PS2. God of War ina mbili zake, Chains of Olympus na Ghost of Sparta. Tekken 5 ilikuja kama Dark Resurrection, na PES ilitolewa kila mwaka hadi 2014. Vita, iliyofuata Desemba 2011, ilipata matoleo yaliyong'arishwa ya gemu za PS2 zenyewe: Metal Gear Solid 2 na 3, Final Fantasy X, God of War zote mbili za mwanzo, Jak and Daxter, Sly na Ratchet & Clank. Kama gemu zako tatu zimo kwenye orodha hiyo, Vita inazicheza bila emuleta yoyote.

Mkononi. PSP inaingia mfuko wa suruali bila kusukumana. Skrini yake ni inchi 4.3. Kasoro yake ni analogi moja tu na vitufe viwili tu vya mabegani. Gemu za kupiga risasi zinasumbua kwa sababu hakuna cha kugeuzia macho. Vita imerekebisha hilo kwa analogi ya pili, lakini L2 na R2, vile vitufe viwili vya ziada vya mabegani, bado hazipo na baadhi ya gemu zimezihamishia kwenye paneli ya kugusa iliyo mgongoni, jambo linalohitaji mazoea. Skrini ya Vita ya kwanza, ya OLED ya inchi 5, mpaka leo inapendeza.

Chaji, intaneti na kulala. Zote zinalala vizuri sana. Sukuma kitufe cha PSP, iweke kando, rudi kesho uendelee palepale. Intaneti hazihitaji.

Bei na upatikanaji. Ni za mitumba tu. Vita ilisimama kuzalishwa Japani mwaka 2019. Ukinunua PSP, geuza nyuma usome namba ya modeli. Ile ya E1000 haina Wi-Fi, kwa hiyo hutaweza kucheza na rafiki aliye kando yako, na PSP Go haina mlango wa diski. Fungua kifuniko cha betri mbele ya muuzaji: betri za PSP zikizeeka huvimba, na iliyovimba hukisukuma kifuniko kisifunge sawasawa. Kwa Vita, uliza bei ya memori kadi kabla ya mashine, maana inatumia kadi za aina yake pekee na zilikuwa ghali tangu mwanzo.

Kuandaa na kudumu. Kwa mwenye diski za PSP au kadi za Vita hakuna cha kuandaa. Duka la mtandaoni la PSP lilifungwa Julai 2021. La Vita Sony ilitaka kulifunga mwaka huohuo, wachezaji wakapiga kelele, ikabadili uamuzi.

Inamfaa nani. Anayetaka kitu kidogo, cha kuwasha na kucheza, asiyeng'ang'ania gemu fulani ya PS2. Na kama hata mashine hutaki, PPSSPP, emuleta ya PSP iliyoanza 2012, inakwenda kwenye simu nyingi za kawaida za Android, na tangu Mei 2024 ipo pia kwenye App Store ya iPhone. Vijana wengi wa hapa tayari wanacheza mpira kwa njia hiyo.

## PlayStation Portal

Gemu. Portal haina gemu ndani yake. Ni skrini na pedi zinazopokea picha kupitia Wi-Fi kutoka PS5 yako au, kwa gemu kadhaa za PS5 na kwa mwenye PlayStation Plus Premium, kutoka seva za Sony. Kwa hiyo gemu za PS2 utakazopata ni zile tu ambazo Sony imeziweka kwenye duka la PS4 na PS5 au kwenye kifurushi hicho cha kulipia cha Premium, na hizo ni chache mno ukilinganisha na maktaba nzima. Diski zako za PS2 hazisaidii, PS5 haizisomi.

Mkononi. Kwa starehe ya mikono, naipa sifa zake kamili. Ni pedi ya PS5 iliyokatwa katikati ikawekewa skrini ya inchi 8. Vitufe vyote vipo.

Chaji, intaneti na kulala. Hapa ndipo penye shida kwa wengi wetu. Ukiwa nyumbani, Portal na PS5 kwenye Wi-Fi moja, bando haliliwi. Ukitoka nje, Sony inapendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde. Piga hesabu utaona inakaribia gigabaiti 7 kwa saa moja. Na umeme ukikatika nyumbani, PS5 imezimika, basi Portal inayoitegemea imebaki skrini tupu hata kama ina chaji kamili.

Bei na upatikanaji. Ilianza kwa dola 200, bila kuhesabu PS5. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. Oman na Falme za Kiarabu zimo. Wa huku wanaishia kufungua akaunti ya nchi nyingine, na malipo yanakuwa safari yake.

Kuandaa na kudumu. Kuandaa ni dakika chache. Kudumu kunategemea Sony kuendelea kuihudumia.

Inamfaa nani. Mwenye PS5 tayari na intaneti nzuri ya nyumbani, ambaye televisheni yake inagombewa. Kwake gemu za PS2 ni nyongeza tu. Kama PS2 ndiyo sababu ya kununua, siioni njia hii ikimridhisha.

## Konsoli za Android

Hizi ni mashine kutoka China zenye umbo la konsoli na ndani yake ni simu: Retroid Pocket, AYN Odin na wenzake. Mashabiki wengi wa PS2 ndiko walikohamia, na ndiko penye mitego mingi zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Gemu. PS2 ni mashine ngumu kuigiza. Prosesa yake, Emotion Engine, inakwenda kwa megahezi 294 tu, kasi ambayo simu ya leo inaipita mbali, lakini ilikuwa na vitengo viwili vya hesabu vya pembeni ambavyo waandishi wa gemu walivipangia kazi kwa mkono, na kizio cha picha chenye kumbukumbu ndogo ya megabaiti 4 iliyo na kasi ya ajabu. Emuleta inapaswa kuviigiza vyote kwa wakati mmoja bila kuchelewa. Ndiyo maana mashine ya bei ya chini kama R36S, inayocheza PS1 bila tatizo, kwa PS2 haifai. Muuzaji akikuandikia kwamba ina maelfu ya gemu, muulize prosesa. Retroid Pocket 5 ina Snapdragon 865, na gemu nyingi za PS2 zinakwenda vizuri humo. Odin 2 ina Snapdragon 8 Gen 2, ambayo inavuta hata nyingi za zile nzito. Zenyewe nzito unazijua: Shadow of the Colossus, Gran Turismo 4, God of War II. PES 6, Tekken 5 na SmackDown ni mzigo mwepesi zaidi.

Mkononi. Analogi mbili na vitufe vyote vinne vya mabegani vipo. Retroid Pocket 5 ina skrini ya OLED ya inchi 5.5, Odin 2 ni kubwa kidogo, inchi 6. Vitufe vya kupima nguvu ya kidole havipo. Emuleta hukuwekea kitufe cha ziada cha kushikilia ili mbonyezo uhesabiwe kuwa mwepesi. Inawezekana kuzoea, lakini si sawa na pedi yenyewe.

Chaji, intaneti na kulala. Betri zinatosha safari ndefu. Odin 2 ina ya mAh 8,000. Intaneti unaihitaji siku ya kuandaa tu. Mashine inalala kama simu, ila mara mojamoja Android huifunga emuleta nyuma ya pazia, kwa hiyo jizoeze kusevu papo hapo kabla ya kuzima skrini. Usevu huo wa papo hapo, ambao PS2 yenyewe hairuhusu, unabadilisha kabisa uchezaji wa safarini.

Bei na upatikanaji. Retroid Pocket 5 ilitoka kwa dola 219, Odin 2 ikianzia 299. Unaagiza mtandaoni. Hapa kwetu hakuna wakala, kwa hiyo kikiharibika kipuri unakiagiza tena.

Kuandaa na kudumu. Emuleta iliyofungua mlango huu, AetherSX2, ilijengwa juu ya PCSX2, emuleta ya PS2 ya kompyuta, na kutoka Desemba 2021. Januari 2023 mwandishi wake aliacha kazi akitaja vitisho na usumbufu kutoka kwa watumiaji. Inaniuma kila ninapolifikiria hilo: mtu mmoja aliwapa watu zawadi kubwa namna ile, bure, akalipwa matusi. Wengine wameendeleza matoleo yaliyobaki, NetherSX2 ikiwa maarufu, lakini jua unategemea kazi ya kujitolea.

Kutoa gemu kwenye diski ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kiendeshi cha kawaida cha DVD cha laptopu kinasoma diski ya PS2. Ifute kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni, iingize, tengeneza faili la ISO, yaani nakala nzima ya diski, uhamishie kwenye kadi ya microSD. Nyingi zinakaa ndani ya gigabaiti 4 na ushee. Gran Turismo 4 ina tabaka mbili na inazidi hapo. Zile za mwanzo zenye mgongo wa buluu ni CD, ni ndogo zaidi.

Inamfaa nani. Mwenye diski zake, mwenye subira ya kuandaa, anayetaka gemu za PS2 zenyewe ndani ya kitu kinachobebeka kirahisi.

## Steam Deck

Gemu. Hii ni kompyuta kamili ya mkononi, iliyotoka Februari 2022. PCSX2, mradi ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kufikia toleo la 2.0 Julai 2024, inakwenda moja kwa moja humo. Sehemu kubwa sana ya maktaba ya PS2 inachezeka, mara nyingi kwa picha kali mara mbili au tatu kuliko ya asili. Na baada ya PS2 bado una gemu zote za kompyuta.

Mkononi. Ni kubwa, na ni nzito: gramu 669 kwa ya LCD, 640 kwa ya OLED. Mfukoni haiingii. Ukilala chali ukaiinua juu ya uso, mikono itakuambia. Lakini skrini yake haikunyooka sana, kwa hiyo mistari myeusi ya pembeni ni myembamba kuliko ya Android.

Chaji, intaneti na kulala. Gemu za PS2 haziikamui kama gemu mpya, kwa hiyo betri inakwenda saa kadhaa. Kitufe cha kuzima kinailaza gemu palepale ilipo na kuiamsha bila kusuasua. Kati ya njia zote za emuleta, kwa hili ndiyo ninayoiamini zaidi.

Bei na upatikanaji. Ilianza kwa dola 399, na ya OLED ilitoka Novemba 2023 kwa 549. Valve, kampuni inayoitengeneza, haiiuzi rasmi Afrika Mashariki. Anayeipata huku mara nyingi ameletewa na ndugu aliyeko Marekani, Uingereza au kwingine Ulaya, na ikiharibika, kuirudisha kwa dhamana ni hadithi ndefu.

Kuandaa na kudumu. Programu iitwayo EmuDeck inakupangia karibu kila kitu. Wewe unaweka BIOS na gemu zako. PCSX2 ina waandishi wengi na kazi yao iko wazi kwa yeyote, kwa hiyo mmoja akiondoka mradi haufi.

Jambo moja zaidi kwa waliokulia vibandani: ukiiunganisha na televisheni kwa adapta ya HDMI na pedi mbili za Bluetooth, mnacheza wawili, PES ileile, benchi lilelile. Android nazo nyingi zinaweza hili, ila kwa Deck linakwenda bila usumbufu mwingi.

Inamfaa nani. Mwenye bajeti, anayechezea zaidi nyumbani, anayetaka mashine moja ya mambo mengi.

## PS2 halisi iliyokatwa

Mafundi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakichukua PS2 nyembamba, kukata ubao wake ubakie na chipu muhimu, kutupa kiendeshi cha diski na kuuingiza ndani ya ganda lililochapwa kwa mashine ya 3D. Kwa shabiki aliyeomba PS2 ya mkononi na akamaanisha PS2 hasa, hakuna kinachokaribia zaidi.

Gemu. Emotion Engine yenyewe ndiyo inayofanya kazi, kwa hiyo hakuna kuigiza. Gemu zinapakiwa na programu ya Open PS2 Loader. Usitegemee flashi: mlango wa USB wa PS2 ni wa kizazi cha 1.1, na video za katikati ya gemu zitakwama-kwama. Wajenzi wengi hutumia kadi ya SD inayopita kwenye nafasi ya memori kadi.

Mkononi. Inategemea fundi. Akitumia utando wa pedi halisi, hata vitufe vya kupima kidole vinabaki. Ganda huwa nene, na feni utaisikia.

Chaji, intaneti na kulala. PS2 haikujengwa kuokoa umeme. Saa chache za betri ndizo utakazopata. Na hailali. Ukizima, umezima.

Bei na upatikanaji. Hakuna duka. Unajenga, au unamlipa anayejenga, na anayejua kazi hii vizuri si wa bei ndogo.

Kuandaa na kudumu. Msumeno ukipita mahali pabaya, PS2 imekufa. Ukiijenga salama, umeondoa lenzi, ambayo ndiyo kawaida ya PS2 kuharibika kwanza. Ombi langu kwa anayetaka kujaribu: tumia ile ambayo tayari lenzi imekufa. Nzima na iachwe nzima, kwa kuwa hazitengenezwi tena.

Inamfaa nani. Fundi wa elektroniki, au mpenzi asiyekubali kitu kinachoigiza.

## Uchague kwa hali yako

Kama una bajeti ndogo na simu ya Android, anza na PPSSPP leo, bila kununua chochote. Cheza mwezi mzima. Ukiona ndugu wa PSP wanakutosha, umeokoa fedha. Ukiona unakumbuka San Andreas kila siku, sasa una sababu ya kuweka akiba ya konsoli ya Android.

Kama unasafiri kila siku kwa daladala au matatu, angalia kwanza ukubwa na kulala. Vita au Retroid zinakufaa kuliko Deck, ambayo utaogopa hata kuitoa kwenye mkoba.

Kama unamnunulia mtoto au mzazi asiyependa kuhangaika na mafaili, PSP au Vita nzima yenye gemu zake.

Kama umeme kwenu haueleweki na bando ni la kupima, iondoe Portal kwenye orodha. Nyingine zote zinacheza bila mtandao.

Kama PS5 ipo sebuleni na Wi-Fi ni ya uhakika, geuza ushauri huo: Portal inakupa starehe nyingi kwa kazi ndogo, mradi umeangalia kwanza kama gemu zako tatu zipo dukani.

Kama unachokumbuka zaidi ni yule uliyekuwa unafungana naye, chagua mashine inayotoka kwenye televisheni na kupokea pedi mbili. Deck kwa mwenye fedha, Android kwa mwenye subira. Au fufua PS2 ya zamani na umwite aje. Hilo nalo ni jibu halali.

Na kama umeamua kusubiri Sony, subiri, lakini usikae bure. Toa nakala za diski zako kabla hazijachubuka zaidi. Kisha shughulikia memori kadi, ile nyeusi ya megabaiti 8 iliyobeba ligi zako za miaka ile: kwa programu ya uLaunchELF unaweza kuhamisha sevu zako kwenye flashi, ukaziweka kwenye kompyuta, na PCSX2 inaweza kuziingiza. Mashine yoyote utakayoishia nayo, ya Sony au ya mwingine, kazi hiyo itakuwa imeshafanyika.